Wazee wa Berega na deni la mwaka 1962

Berega, kaskazini mwa wilaya ya Kilosa, inajulikana kwa hospitali yake ya Kanisa Anglikana. Kabla ya hospitali hiyo, na kabla wamisionari Waanglikana wa CMS (Church Missionary Society) hawajafungua kituo cha Mamboya karibu mwaka 1880, mzee wa Kikaguru alikingwa na ukoo wake. Wakaguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Bibi alizeeka akiwa amezungukwa na binti zake na wajukuu, naye mjomba alikuwa na kauli katika mahari, mashamba na matambiko. Mwanaanthropolojia T. O. Beidelman, aliyefanya utafiti Ukaguru mwaka 1957 na 1958, ameandika kwa kirefu juu ya nguvu hiyo ya wazee. Hali hiyo haikuwa pepo, maana mjane asiye na mtoto aliweza kubaki bila wa kumchotea maji.

Mwaka 1962 Julius Nyerere aliuchukua utaratibu wa aina hii na kuufanya hoja ya taifa. Katika kijitabu chake cha Ujamaa alieleza kwamba mzee anayeonekana amekaa tu ameshafanya kazi ujana wake wote. Azimio la Arusha la mwaka 1967 nalo likawataja wazee, pamoja na watoto na wasiojiweza, kuwa ndio wenye haki ya kutegemea jasho la wengine. Kumtunza mzee likawa deni la nchi nzima.

Deni hilo halikulipwa. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwatoa watu wengi nchini kwenye mashamba na makaburi ya koo zao, na pale ndipo mamlaka ya wazee yalipokuwa na mizizi. Mwaka 1993 hospitali za serikali zikaanza kutoza ada. Mwaka huohuo HelpAge International, shirika la kutetea wazee, ilianza kazi Tanzania, na baada ya miaka kumi ya utetezi ikapatikana Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, iliyoahidi matibabu bila malipo kwa mwenye miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo.

Nenda sasa kwenye dirisha la hospitali na bibi aliyezaliwa kabla ya uhuru. Cheti cha kuzaliwa hana. Umri wake anauhesabu kwa mwaka wa njaa na mwaka wa kuhamia kijijini, kisha anaambiwa alete barua ya mtendaji wa kijiji. Akiipata barua, msamaha wenyewe uliwekwa kwa vituo vya umma. Kwenye hospitali ya kanisa inategemea makubaliano na serikali. Kumtembeza mama wa miaka 75 hivyo ili apate dawa ya presha ni kumvunjia heshima.

Njia nyingine ilianza mwaka huohuo wa 2003 huko Nshamba, wilayani Muleba. Ukimwi ulikuwa umewaachia mabibi wajukuu yatima, na shirika la Kwa Wazee likaanza kuwapa pensheni ndogo ya kila mwezi, mkononi, bila kuwauliza wataitumiaje. Utafiti uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha fedha zilikokwenda, na jina lake likachukuliwa hukohuko: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Kwangu huo ndio ushahidi mzito kuliko hotuba zote za Oktoba mosi, Siku ya Wazee Duniani.

Mwaka 2010 wizara ya kazi na HelpAge walitoa utafiti ulioonyesha kuwa pensheni kwa wazee wote inawezekana Tanzania. Zanzibar ikatangulia: kuanzia Aprili 2016 kila mkazi aliyefikisha miaka 70 alianza kupata shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye kiwango kikapandishwa hadi 50,000. Haulizwi kama aliajiriwa, wala kama ana watoto wa kumsaidia.

Bara, mabaraza ya wazee yameundwa kuanzia vijijini, na dai la pensheni kwa wazee wote yanaendelea kulibeba. Mkulima wa Berega mwenye miaka hiyohiyo 70, ambaye hakuwahi kuajiriwa, hana pensheni. Anaweza kupata ruzuku ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ila TASAF huangalia umaskini wa kaya, si umri, na kaya yake ikiachwa nje ya orodha, yeye pia ameachwa.