Ufadhili wa uhifadhi katika mapori ya Rungwa, Kizigo na Muhesi

Ufadhili wa uhifadhi katika mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi ni mapato na ruzuku zinazogharamia ulinzi wa wanyamapori katika mapori hayo matatu yanayopakana, ambayo sehemu yake kubwa iko katika Wilaya ya Manyoni, Mkoa wa Singida, nchini Tanzania. Kwa pamoja yana eneo la zaidi ya kilomita za mraba 15,000. Upande wa kusini yanapakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na wanyama huhama kwa uhuru kati ya maeneo hayo.

Historia

Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ya Ujerumani ilitenga Hifadhi ya Mto Saba. Mwaka 1946 Waingereza waliibadilisha jina kuwa Pori la Akiba la Rungwa. Mwaka 1964 sehemu ya kusini ilimegwa na kuwa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mgawanyo huo ulitenganisha pia vyanzo vya fedha: Ruaha hupata mapato kutoka kwa watalii wa picha, wakati mapori ya Singida yalibaki kuwa maeneo ya uwindaji wa kitalii.

Mapori ya akiba yalisimamiwa na Idara ya Wanyamapori hadi Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), iliyoanzishwa mwaka 2014, ilipoanza kazi mwaka 2016.

Vyanzo vya fedha

Chanzo kikuu ni uwindaji wa kitalii. Kampuni hulipia vitalu, na wawindaji hulipia vibali pamoja na ada kwa kila mnyama. Tangu mwaka 2019 vitalu vimekuwa vikigawiwa kwa mnada wa kielektroniki. Sehemu ya mapato ya uwindaji imekuwa ikiingia katika Mfuko wa Kuhifadhi Wanyamapori Tanzania (TWPF), unaotambuliwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na sehemu nyingine hupelekwa kwa halmashauri za wilaya zenye vitalu.

Utaratibu wa mwindaji kuchangia uhifadhi upo pia Marekani, ambako sheria ya mwaka 1937 iliagiza kodi ya bunduki na risasi igawiwe majimbo kama ruzuku ya wanyamapori. Sheria ya mwaka 1950 ilifanya hivyo kwa vifaa vya uvuvi wa burudani. Tofauti ni kwamba wachangiaji wa huko ni wananchi wa nchi hiyohiyo, ilhali wawindaji wa kitalii wa Rungwa wengi hutoka nje ya nchi.

Chanzo cha pili ni ruzuku za kimataifa, ambazo hutolewa kwa miradi yenye muda maalumu. Mradi wa SPANEST, uliofadhiliwa na Mfuko wa Mazingira wa Dunia (GEF) kupitia UNDP katika miaka ya 2010, ulilenga kuimarisha maeneo ya hifadhi ya kusini mwa Tanzania, ikiwemo Ruaha na maeneo jirani. Shirika la WCS pia limefanya kazi katika ikolojia ya Ruaha-Rungwa kwa msaada wa USAID.

Ujangili na kuyumba kwa mapato

Sensa ya ndege ya mwaka 2013 ilikadiria tembo 20,090 katika ikolojia ya Ruaha-Rungwa. Ile ya mwaka 2014 ilikadiria 8,272 tu. Kwa kuwa upungufu huo ulizua maswali, hesabu ilirudiwa mwaka 2015 na kupata 15,836.

Aprili 2014 Marekani ilisimamisha uingizaji wa nyara za tembo waliowindwa Tanzania, ikitaja ujangili na udhaifu wa usimamizi. Marekani ni soko muhimu la uwindaji wa kitalii, hivyo hatua hiyo iligusa mapato wakati uleule ambapo doria zilihitajika zaidi. Wapinzani wa uwindaji waliiunga mkono. Watetezi wake walisema kitalu kisicho na mwindaji hubaki bila mlinzi.

Ruzuku nazo zina mashaka yake. Mradi ukifika mwisho, mafuta ya magari ya doria na posho za askari hurudi kutegemea bajeti ya ndani. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada mingi ya nje na kuifunga USAID.

Wananchi wa jirani

Vijiji vya Manyoni na Itigi hukumbwa na tembo wanaoharibu mashamba. Kwa kanuni za mwaka 2011, serikali hulipa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au familia ya aliyeuawa. Malipo hayo kisheria si fidia kamili ya hasara, na wakulima wamekuwa wakilalamika kuwa ni madogo na huchelewa.

Tazama pia

Hifadhi ya Taifa ya Ruaha
Mkoa wa Singida
Ujangili