Mtaa usioonekana: tembe za Wairaqw

Hapa chuoni ukisema unatoka Mbulu, swali la kwanza ni baridi. La pili: eti wazee wenu waliishi ardhini? Ndiyo, na wala si jambo la kuonea aibu.

Karne ya 19 Wairaqw walijibana kwenye milima ya Irqwar Da'aw (Mama Issara), karibu na ulipo mji wa Mbulu. Wamasai walikuwa wakivamia kutafuta ng'ombe. Sasa ufanyeje? Unachimba nyumba ubavuni mwa kilima, unaezeka kwa udongo, paa linalingana na mteremko. Watu ndani, mifugo ndani. Anayepita kwa mbali haoni mtaa, anaona kilima tu.

Vichochoro havikuwepo. Ujirani ulikuwa kwenye ng'ombe: mwenye nyingi anamwachia jirani amtunzie, jirani anapata maziwa na samadi ya shamba.

Miaka ya 1890 sotoka ikamaliza ng'ombe wa Wamasai, nguvu zao zikapungua. Wairaqw wakaanza kushuka: Karatu, kisha Hanang. Tembe ya kuchimba ikakosa kazi, bati likaja.

Ila Hanang haikuwa tupu, jamani. Wabarabaig walikuwa wakichunga huko. Wakulima wakawabana, na miaka ya 1970 na 1980 mashamba ya ngano ya NAFCO, kwa msaada wa Kanada, yakachukua malisho yao mengi huko Basotu.

Kwa hiyo tukijisifu kwamba babu zetu walijua kujificha, tuseme na waliobanwa tuliposhuka. Historia ya nusu ni kama tembe bila paa.