Daftari na Sauti: Historia Fupi ya Kusajili Hakimiliki ya Vipindi vya Redio

Neno "sajili" liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambako "sijill" ni hati au daftari la kuhifadhia mambo yaliyokwisha kuamuliwa. Kwa asili yake, basi, kusajili ni kutia jambo katika maandishi. Utangazaji wa redio ni kinyume cha hayo: ni sauti itolewayo mahali pamoja, ikasikiwa mahali pengi, kisha ikapotea. Historia ya kusajili hakimiliki ya vipindi vya redio ni habari ya mambo hayo mawili yasiyopatana kwa wepesi, na katika Afrika ya Mashariki habari hiyo haijafika mwisho wake.

Zamani za vitabu shauri lilikuwa jepesi. Katika Uingereza, sheria ya Malkia Anne iliyoanza kutumika mwaka wa 1710 ilitaka jina la kitabu liandikwe katika daftari la chama cha wachapaji na wauza vitabu wa London, ili mwenyewe aweze kudai adhabu juu ya mwizi wake. Sheria ya 1842 ilikazia jambo hilo: mtu ambaye kitabu chake hakikuandikishwa hakuweza kwenda mahakamani. Walakini mataifa yaliyofuata Mapatano ya Berne yalikubaliana mjini Berlin, mwaka wa 1908, kwamba haki ya mtungaji isitegemee utaratibu wowote wa kujiandikisha. Uingereza ilifuata kwa sheria yake ya 1911, ambayo baadaye ilienezwa katika makoloni yake. Kwa hiyo redio ilipozaliwa, daftari lilikuwa limekwisha kufungwa.

Mapatano ya Berne yaliporekebishwa mjini Roma, mwaka wa 1928, mtungaji alipewa haki juu ya kutangazwa kwa kazi yake redioni. Lakini hiyo ilikuwa haki ya mtungaji tu. Kipindi chenyewe, yaani ile sauti iliyopangwa na kutolewa na idhaa, hakikuwa na mwenyewe katika macho ya sheria mpaka Uingereza ilipotunga sheria ya 1956, iliyovipa vipindi vya BBC na vya shirika la televisheni za biashara ulinzi wa miaka 50. Miaka mitano baadaye, katika mwezi wa Oktoba 1961, mapatano mengine yalitiwa sahihi mjini Roma, yakapambanua haki za waimbaji na wasomaji, za watengenezaji wa santuri, na za idhaa, kila moja peke yake, kwa muda usiopungua miaka 20. Utenzi ukisomwa redioni, kwa mfano, mwenye kuutunga ana haki yake, mwenye kuusoma ana yake, na idhaa iliyoutoa ina yake. Wala hapana hata mmoja kati yao aliyelazimishwa na mapatano hayo kwenda kwa karani.

Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka wa 1951. Mwaka wa 1956 likaundwa shirika la utangazaji la Tanganyika, na mwaka wa 1965 serikali ikaichukua kazi hiyo na kuiita Radio Tanzania Dar es Salaam. Mwaka uliofuata, 1966, Kenya na Tanzania kila moja ilitunga sheria yake ya hakimiliki mahali pa ile iliyoachwa na Waingereza. Sheria ya Kenya yastahili kutazamwa kwa makini. Iliyataja matangazo ya redio kuwa ni aina mojawapo ya kazi zenye hakimiliki, wala haikudai usajili. Lakini kwa kazi za maandishi na za muziki iliweka sharti: ziwe zimeandikwa, au zimenaswa, au zimewekwa kwa namna nyingine katika kitu chenye kushikika.

Sharti hilo laonekana dogo, na katika nchi ya vitabu ni dogo kweli. Katika nchi ambayo hadithi, ngano na mashairi mengi hukaa katika vifua vya watu, si dogo hata kidogo. Mzee akialikwa studio akasimulia hadithi yake papo kwa papo, pasipo mtambo wa kunasa, idhaa ilipata haki juu ya matangazo, na mzee hakupata haki juu ya maneno yake. Mtambo ukinasa, maneno yake yalipata mwili, naye akapata haki. Lakini ule ukanda ulibaki katika kabati la idhaa, na jina lake lilibaki kama karani alikumbuka kuliandika juu ya boksi. Hivyo lebo ya ukanda ikawa ndiyo daftari, ingawa hapana sheria iliyoipa cheo hicho. Ilikuwa daftari lisilo na mlinzi.

Bendi za muziki zilikuwa katika hali hiyo hiyo. Kwa miaka mingi Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Santuri zilifyatuliwa Nairobi. Studio ya Radio Tanzania ikawa mlango mkuu wa bendi kama NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka wa 1964, kuzifikisha nyimbo zao kwa wasikilizaji. Bendi ilipiga, ukanda ukabaki studio. Si haki kusema kwamba idhaa ilitenda hila: pasipo kanda zile, sehemu kubwa ya muziki wa miaka ile isingesikiwa leo. Ila kutunza ni jambo moja na kumiliki ni jingine, na mambo haya mawili yalichanganyika kwa sababu hapakuwa na maandishi ya kuyatenga.

Faida ya maandishi hayo yaonekana wazi katika nchi ambayo haikulifunga daftari lake. Marekani ilikaa nje ya Mapatano ya Berne mpaka mwaka wa 1989, na kwa sheria yake ya 1909 kazi iliyochapishwa pasipo alama ya hakimiliki ilipoteza ulinzi. Martin Luther King alipotoa hotuba yake mjini Washington tarehe 28 Agosti 1963, ilitangazwa na redio na televisheni wakati ule ule. Tarehe 30 Septemba aliisajili kuwa ni kazi isiyochapishwa. Baada ya kufa kwake warithi waliishitaki CBS. Mwaka wa 1998 mahakama ya kwanza iliona kwamba maneno yaliyosikiwa na umati ule yamekwisha kuwa ya watu wote. Mwaka wa 1999 mahakama ya rufani ilikataa, ikasema kwamba kusikiwa na wengi si kuchapishwa. Pande mbili zikapatana baadaye. Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba hapana aliyebisha nani aliyatunga maneno yale, na siku gani yaliandikishwa.

Tanzania iliingia katika Mapatano ya Berne mwaka wa 1994, ikatunga sheria mpya ya hakimiliki mwaka wa 1999, na kwa sheria hiyo ikaanzishwa COSOTA, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kutunza madaftari ya kazi na ya wenye kazi, watangazaji wakiwamo. Hivyo daftari lililofungwa mwaka wa 1911 likafunguliwa tena, lakini kwa cheo kingine: haliumbi haki, lashuhudia tu. Hapa lugha nayo yaleta taabu yake, maana "tangazo" katika Kiswahili ni ilani ya ukutani, ni habari ya biashara, na ni kile kipindi chenyewe. Mwenye kusajili "tangazo" hana budi kueleza asajili kipi, na ni cha nani: mtunzi, msomaji, au idhaa.

Na jina likikosekana, hasara yahesabika kwa miaka. Kwa kanuni ya Berne, haki ya mtunzi ajulikanaye hudumu si chini ya miaka 50 baada ya kufa kwake. Ya asiyejulikana huweza kuhesabiwa miaka 50 tangu kazi ilipotolewa kwa watu. Hata hivyo mtunzi akijitambulisha kabla muda huo haujaisha, hesabu hurudi kuwa ya kufa kwake. Hadithi iliyotangazwa mwaka wa 1965 pasipo jina la msimulizi, ikihesabiwa hivyo, ilitoka katika ulinzi mwishoni mwa mwaka wa 2015. Kama msimulizi yule alikuwa ndiye mtunzi, akafariki mwaka wa 2000, na jina lake likawa limeandikwa juu ya boksi, watoto wake wangekuwa na haki mpaka mwisho wa mwaka wa 2050.