Bima ya Afya ya Jamii nchini Kenya

Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, lakini hakitaji atakayeyalipia. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 ilijibu swali hilo kwa kuunda hazina tatu. Moja hugharamia huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya. Nyingine, itokanayo na michango, hulipia matibabu ya hospitalini. Ya tatu hulipia dharura, na ndiyo tegemeo la mgonjwa wa saratani au figo pindi kiwango chake katika hazina ya michango kinapokwisha. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na ajira rasmi hutakiwa kutoa mchango wa mwaka mzima kwa mara moja, sharti lisilo jepesi kwa anayelipwa kwa siku.