Kikomo cha Mnunuzi

Anayetafuta nyumba Tabata au Kigamboni akishatajiwa bei, huwauliza jamaa zake: nipunguze asilimia ngapi? Mmoja atamwambia kumi, mwingine ishirini, wa tatu atamshauri ataje nusu aone mwenye nyumba atasemaje. Majibu yote matatu yanaanzia mahali pamoja, kwenye namba aliyoichagua muuzaji. Ipo istilahi ya kiuchumi inayoanzia upande wa pili, upande wa mnunuzi, na naamini kwamba anayeielewa vizuri hatauliza tena swali la asilimia.

Kwa Kiingereza istilahi hiyo ni "reservation price". Ni bei ya juu kabisa ambayo mnunuzi yuko radhi kulipa. Ikizidi hapo, ni heri kwake aondoke akafuate njia yake nyingine. Muuzaji naye anayo yake, ya chini kabisa, ambayo ikipungua ni heri abaki na nyumba. Howard Raiffa, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Harvard, aliichambua kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1982 kuhusu sanaa na sayansi ya majadiliano. Bei ya juu ya mnunuzi ikiipita bei ya chini ya muuzaji, katikati pana nafasi ya mapatano, na mazungumzo yote yaliyobaki ni ya kugawana nafasi hiyo. Isipoifikia, hakuna ufundi wa maneno utakaoleta biashara yenye manufaa kwa wote wawili.

Tuiiteje kwa Kiswahili? Tafsiri ya neno kwa neno ingetupa "bei ya akiba", na mwenye kusikia akiba hufikiria fedha iliyowekwa benki. "Bei ya mwisho" inajulikana na kila mtu, lakini sokoni kauli hiyo ina kazi nyingine: hutamkwa kwa sauti, mara nyingi ili kumsukuma mwenzako, na dakika tano baadaye husogezwa. Bei tunayoitafutia jina haitamkwi kabisa mbele ya mwenzako. "Bei kikomo" ingefaa kwa umbo, ila Tanzania imeshachukuliwa: EWURA hutangaza kila mwezi bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa, yaani bei ambayo muuzaji haruhusiwi kuivuka. Hiyo ni amri ya mdhibiti, tena ya hadharani. Yetu ni uamuzi wa mtu mmoja, na ni siri yake. Ndiyo maana napendelea istilahi inayomtaja mwenyewe: kikomo cha mnunuzi, na kwa upande wa pili, kikomo cha muuzaji. Mara moja tunajua kuna vikomo viwili, vina wenyewe wawili, na kila mmoja anakijua cha kwake tu.

Bei inayotajwa, kwa upande wake, haina maana moja kila mahali. Dar es Salaam huenda hata si ya mwenye nyumba. Mzee anamwambia dalali anataka milioni 105, dalali anaongeza cha juu chake, anampa dalali mwenzake, naye anaongeza, na wewe unatajiwa milioni 120 pamoja na neno la faraja kwamba maongezi yapo. Ukikata asilimia kumi kwenye namba hiyo, hata bei aliyoitaka mwenye mali hujaifikia. Uskoti mambo yamegeuka: nyumba nyingi hutangazwa kwa bei ya kuanzia kwenda juu, wanunuzi huandika ofa zao kwa siri na kuziwasilisha siku iliyopangwa, na anayetaja chini ya bei iliyotangazwa kwa kawaida hapati kitu. Huko, tangu Desemba 2008, muuzaji wa nyumba hutakiwa, isipokuwa kwa nyumba chache, kutoa taarifa yenye tathmini ya mthamini, na benki hukopesha kwa kuitazama tathmini hiyo. Kinachozidi hutoka mfukoni mwa mnunuzi. Kanuni ya "kata kumi" ingemponza mtu Tabata na ingemponza Edinburgh, kwa sababu tofauti. Kikomo cha mnunuzi kinafanya kazi kotekote.

Kinapatikanaje? Tuchukue mfano. Nyumba ya vyumba vitatu Tabata imetajwa milioni 120. Iweke kando namba hiyo, uulize nyumba za aina hiyo mtaani hapo zimeuzwa ngapi. Nasema zimeuzwa, kwa sababu zinazotangazwa ni matumaini ya wengine. Wapangaji wa zamani, mjumbe, fundi aliyekarabati, mwanasheria aliyeandika mikataba, hao ndio wenye habari. Mthamini aliyesajiliwa atakupa tathmini rasmi kwa malipo. Tuseme umepata kwamba zenye hati miliki na hali nzuri zimeuzwa kama milioni 100. Hii ina paa linalovuja na shimo la majitaka lililojaa: fundi anakadiria milioni 7. Haina hati, ina karatasi za mauziano za serikali ya mtaa tu, na kwa gharama na wasiwasi wa kurasimisha unatoa milioni 5. Umefika 88.

Hapo wengi huishia, na hapo ndipo sehemu muhimu zaidi ya istilahi hupotea. Roger Fisher na William Ury, katika kitabu chao cha 1981 kuhusu kufikia makubaliano, walisisitiza kwamba nguvu ya mtu mezani hutokana na atakachofanya mazungumzo yakivunjika. Nakiita mbadala bora. Tuseme wako ni nyumba ya Chamazi, nzima, ambayo mwenyewe ameshakubali 80. Ukiziweka zote mbili kwenye mizani, pamoja na umbali, foleni na karatasi, uko radhi kuilipia ya Tabata milioni 6 zaidi, si zaidi. Basi kikomo chako ni 86, hata kama soko linasema 88. Jirani yako ambaye watoto wake wanasoma mtaa wa pili, na mkataba wake wa kupanga unakwisha, anaweza kuwa na kikomo cha 93 kwa nyumba hiyohiyo, na hajakosea. Yule wa kukata asilimia kumi angefungua mazungumzo kwa 108, milioni 22 juu ya kikomo chako, akiamini ameokoa 12.

Usisahau pia yanayolipwa nje ya bei. Ushuru wa stempu, asilimia 1 ya thamani, humwangukia mnunuzi. Kodi ya faida itokanayo na mauzo kisheria ni ya muuzaji, lakini wauzaji wengi husema "nataka zangu safi", na maneno hayo yanakuhamishia wewe mzigo. Akisema hivyo, kikomo kishuke kwa kiasi hichohicho.

Sasa ofa ya kwanza. Inapimwa kutoka kikomo kwenda chini, na umbali wake unategemea unavyokisia kikomo cha muuzaji. Nyumba imekaa sokoni muda gani? Inauzwa kwa deni lenye tarehe, kwa uhamisho wa kazi, au ni ya mirathi yenye warithi wengi ambao lazima wakubaliane? Warithi hushikilia bei, maana kila mmoja ameshaigawa kichwani. Ukianza kwa 78, una nafasi ya kupanda hadi 82, kisha 84, kisha 85, hatua zikipungua ili mwenzako aone unakaribia mwisho. Kwenye 120, hiyo 78 ni pungufu ya asilimia 35, na peke yake inaweza kusikika kama dharau. Inahitaji kubebwa na sababu: "Shikamoo mzee. Nyumba nimeipenda, sitaki kukuvunjia heshima. Fundi wangu amepanda juu, paa lote la kubadilisha. Na hati bado. Kwa hali hiyo mimi nimejipima kwenye sabini na nane." Mzee anaweza kukataa, lakini anacho cha kujibu. Anayetaja namba tupu humwachia mwenzake hasira tu.

Ugumu wa kuiweka kando bei iliyotajwa ni mkubwa kuliko tunavyokiri. Mwaka 1987 Gregory Northcraft na Margaret Neale walichapisha utafiti uliofanyika Tucson, Arizona: waliwapeleka wanafunzi na madalali wazoefu kukagua nyumba halisi, wakawapa taarifa zilezile, ila bei iliyotajwa ilibadilishwa kutoka kundi hadi kundi. Makadirio ya thamani yakaifuata bei iliyotajwa, hata kwa madalali, na wachache tu kati yao walikiri kuitumia. Wanasaikolojia huiita athari ya nanga. Kwa hiyo napendekeza kikomo kiandikwe kwenye karatasi kabla ya kukaa na muuzaji, ikiwezekana kabla ya kutajiwa bei, na wanandoa wanaonunua pamoja wakiandike pamoja.

Sheria nayo hupima upungufu wa bei kutoka kwenye thamani. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 humtaka mkopeshaji anayeuza nyumba ya mdaiwa atafute bei nzuri, na akiuza kwa pungufu ya asilimia 25 au zaidi chini ya thamani ya soko, huchukuliwa kuwa amekiuka wajibu wake mpaka athibitishe vinginevyo. Bei ambayo mtu alitangaza haimo katika hesabu hiyo.

Kikomo kinaruhusiwa kusogea, kwa sharti kwamba kuna jambo jipya kuhusu nyumba au kuhusu mbadala wako. Ya Chamazi ikiuzwa kwa mwingine, kaa uhesabu upya. Ukigundua muuzaji ana mwenza ambaye hajaridhia, kumbuka kwamba Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 humzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Hapo hakuna punguzo la kutosha, subiri ridhaa iandikwe. Na kama nyumba ina hati, na upekuzi kwa Msajili wa Hati ukionyesha iko rehani benki kwa milioni 30, huenda kikomo kisibadilike hata shilingi: kinachobadilika ni njia ya malipo, milioni 30 ziende benki moja kwa moja dhidi ya barua ya kufuta rehani, na arbuni isitolewe mpaka hilo limeandikwa kwenye mkataba.