Walimu Waliomba Mwajiri Mmoja

Keroka ni mji wa kaunti mbili. Kisii na Nyamira zimevutana miaka mingi kuhusu mpaka unapopita na nani akusanye ushuru sokoni. Lakini mwalimu wa serikali upande huu na mwenzake upande ule wana mwajiri mmoja na mizani moja ya mshahara. Mimi niliyekulia huku niliona hilo ni jambo la kawaida tu, hadi nilipoanza kusoma historia ya chama cha walimu.

Wakati wa ukoloni, shule nyingi za Gusii zilikuwa za misheni. Wakatoliki walianzia Nyabururu, Waadventista wakaweka kambi Nyanchwa. Mwalimu aliajiriwa na misheni au na bodi ya elimu ya wilaya, na kila mwajiri alikuwa na masharti yake. Walimu wawili wangeweza kuishi kilima kimoja, wamesomea cheti kimoja, na bado kazi zao zisilindwe sawa. Ukikosana na msimamizi kwa mambo ya kanisa, ukioa mke wa pili kwa mfano, chaki ungeiacha hapo hapo.

Chama cha Kitaifa cha Walimu, KNUT, kilizaliwa Desemba 4, 1957, na mojawapo ya madai yake makubwa lilikuwa mwajiri mmoja kwa walimu wote. Mwaka 1967 Bunge likapitisha sheria iliyounda Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Yaani tume ambayo walimu huilalamikia kila Januari ni walimu wenyewe walioililia! Na walikuwa na hoja. Huwezi kujadiliana na waajiri mia wanaotupiana mpira. Ukitaka kusikika, kwanza lazima ujue mlango wa kubisha.

Mlango ulipatikana, sasa kazi ikawa kubisha. Ambrose Adongo, aliyekuwa katibu mkuu kwa miaka mingi, alijua kuchagua saa. Oktoba 1997, uchaguzi mkuu ukinukia, walimu waliweka chaki chini nchi nzima. Serikali ya Moi ikakubali nyongeza ya kati ya asilimia 150 na 200, ilipwe kwa awamu 5. Uchaguzi ukapita. Awamu ya kwanza ikalipwa, halafu mkono ukafumba. Mgomo wa 1998 haukuufumbua, na zilizobaki zilidaiwa kwa miaka.

Kizazi changu kinakumbuka 2015. Mahakama ya Ajira ilikuwa imewapa walimu nyongeza ya asilimia 50 hadi 60. Rais Uhuru Kenyatta akasema pesa hakuna na hazitalipwa. Walimu wakagoma Septemba, sisi wanafunzi tukarudi nyumbani kuchuma majani chai. Novemba, Mahakama ya Rufaa ikaifuta ile nyongeza. Hata hivyo, mwaka uliofuata TSC na vyama vya walimu vilitia saini mkataba wa shilingi bilioni 54. Kelele zile hazikwenda bure.

Pigo lililouma zaidi lilikuja kimya kimya, kupitia slipu ya mshahara. Mwanachama wa KNUT hukatwa asilimia 2 ya mshahara wa msingi kila mwezi, na anayekata ni mwajiri. Julai 2019 KNUT ilishinda kesi iliyopinga mfumo mpya wa kupandisha walimu vyeo. TSC ikajibu kwamba basi, wanachama wa KNUT watabaki kwenye mfumo wa zamani, na nyongeza ya mkataba wa 2017 hadi 2021 haitawahusu. Ungefanya nini wewe mwenye mkopo wa Sacco na watoto wawili sekondari? Walimu walijiondoa kwa maelfu. Chama kilichokuwa na wanachama zaidi ya 180,000 kilipoteza zaidi ya laki moja ndani ya miaka miwili, na Juni 2021 katibu mkuu Wilson Sossion akajiuzulu. Waliomba mwajiri mmoja ili wajue pa kubisha. Hawakutarajia kwamba mwajiri huyo huyo ndiye angeshika mfuko wa chama chao.

Kwa hiyo nikisikia mtu wa Kisii au Nyamira anawania ukatibu wa tawi na kuahidi "sauti ya mwalimu", nina swali moja kwake. Siku makato yakisimamishwa tena, mwalimu wa shule ya ndani kabisa kule Borabu atatoa mia mbili zake mwenyewe kwa M-Pesa kulipa ada? Atatoa kama katibu alimfuatilia uhamisho wake, akasimama naye kwenye kesi ya nidhamu, akamweleza mkataba kabla haujatiwa saini. Hatatoa kama anamwona tu akipiga picha na waheshimiwa kwenye harambee.

Nani anajua hili vizuri? Walimu vibarua wa sekondari msingi, wale wa shilingi 20,000 kwa mwezi. Aprili 2024 mahakama iliamua kwamba kuwaajiri hivyo ni kinyume cha katiba, na muhula ulipofunguliwa waliingia barabarani. Mwaka uliofuata wakapata ajira ya kudumu. Wengi ni vijana wa rika langu. Chama kitakachowapata hao hakiwezi kungoja mwajiri awakate.