Jinsi Tofali Linavyotoka Kwenye Kalibu

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yalitambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959 wakizidi kuingia Uganda. Baada yao wakaja Wakongo, Warundi na Wasomali. Familia ilipewa kiwanja. Nyumba ilijijengea wenyewe kwa mikono yao, na mara nyingi ujenzi ulianza na udongo wa papo hapo.

Kupata udongo si kazi. Kuukanyaga na kuujaza kwenye kalibu ya mbao nako ni nguvu tu. Fundi hujulikana pale anapolitoa tofali. Udongo mbichi hung'ang'ania ubao, kwa hiyo kalibu huchovywa majini au hupakwa mchanga kabla ya kujazwa, kisha huinuliwa wima kwa mkupuo mmoja. Ikiyumba, pembe zinabaki ndani. Udongo ukizidi maji, tofali linalala chini kama uji. Kalibu ya namna hii, isiyo na kitako, imechorwa katika kaburi la Rekhmire, waziri wa Misri ya kale, na mchoro huo una zaidi ya miaka 3,400. Anayefyatua matofali Nakivale leo angeitambua mara moja.

Mabadiliko makubwa yalitokea katika miaka ya 1950, mjini Bogotá, Kolombia. Mhandisi Raúl Ramírez, katika kituo cha utafiti wa makazi kilichoitwa CINVA, alitengeneza sanduku la chuma lenye kitako kinachopanda na kushuka. Unajaza udongo mkavu-mkavu, unafunga kifuniko, unavuta mkono mrefu wa chuma, na kitako kinaushindilia. Halafu unafungua kifuniko, unausukuma mkono uleule upande wa pili, na kitako kinalipandisha tofali zima hadi juu. Watu husifu ule mgandamizo. Kwangu mimi, ugunduzi hasa ulikuwa hatua ya pili: kulisukuma kutoka chini badala ya kulivua kalibu kutoka juu. Bila hiyo, udongo ulioshindiliwa vile usingetoka mzima.

Ukoo wa mashine hiyo ulifika Uganda, na Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere akauendeleza kwa matofali yanayoshikamana yenyewe, yakiwemo ya kupinda kwa ajili ya matangi ya maji. Udongo huchekechwa, huchanganywa na saruji kidogo, na kuta za mashine hupakwa oili. Tofali likitoka, hubebwa kwa viganja viwili, hufunikwa na kumwagiwa maji, likomae kwa wiki nne hivi.

Tanuri halihitajiki. Nakivale, ambako kuni ni tabu ya kila siku, hilo ni jambo zito. Mwenye kupanga kujenga darasa au tangi pande hizo, aulize kwanza mashine hii inapatikana wapi, kabla hajaagiza tofali la kuchoma.